Skeli ya 1:25 iliyoushinda Mnara wa Eiffel

Mwalimu wa Hisabati,
Darasa la Sita,
Bagamoyo.

Meneja wa Bustani,
Bagamoyo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SKELI NA VIBAO VYENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita nilileta wanafunzi 38 kwenye bustani yenu ya majengo madogo. Tangazo la getini linasema majengo yote yamepunguzwa kwa skeli ya 1:25. Ndicho kilichonileta, maana tulikuwa kwenye mada ya skeli na nimechoka kuchora ubaoni.

Tulipima kwa vivuli, asubuhi, tukitumia kijiti cha mita 1. Piramidi Kuu ya Giza, tukijumlisha kivuli na nusu ya kitako chake, ilitupa mita 5 na nusu. Zidisha kwa 25, unapata mita 137 na ushei. Yenyewe kule Misri ina kama 138. Watoto wakashangilia. Hapo nawapongeza, fundi wenu alifanya kazi.

Tukahamia Mnara wa Eiffel. Mita 4! Mara 25 ni mita 100, na mnara wenyewe ulioko Paris una mita 330. Wa kwenu ulitakiwa ufike mita 13, uupite ule mnazi ulio kando yake. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kumbe piramidi ndiyo ndefu?" Wenzake wakaanza kuandika hivyo kwenye madaftari, ikabidi niwafutishe. Naelewa kusimamisha chuma cha mita 13 kwenye upepo wa kusi si mchezo. Basi andikeni 1:80, sisi tutakokotoa.

Lililoniuma zaidi ni magofu ya Kaole. Ule msikiti wa mawe na makaburi yenye nguzo mmeubandika kibao cha "Magofu ya Kilwa". Kaole iko kilomita 5 tu kutoka mjini kwetu, na watoto hawa wamekwishafika kwa miguu. Nilipomwambia mwongoza wageni wenu, akanijibu, "Mwalimu, hawa ni watoto, hawatajua." Wao ndio walioniambia.

Naomba vibao hivyo virekebishwe, na nirudishiwe shilingi 40,000 za mwongozaji. Kiingilio sikidai, piramidi imekilipa. Nakala ya risiti nimeambatisha.

Darasa la Tano linakuja muhula ujao, na kijiti tunacho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Hisabati