Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: hesabu watoto wanaziweza, mwalimu ndo hayupo

Mheshimiwa Afisa Elimu Sekondari, habari za kazi. Shikamoo nayo pokea, japo kwa kukutazama naona mimi ndo mkubwa, lakini cheo ni cheo.

Mimi mzazi hapa Tanga, fundi ujenzi. Sitaji kata wala shule maana nina mtoto pale, na nyinyi wakubwa mkikosolewa hamsahau, mkiahidi ndo mnasahau. Nimeamua kuandika kwa sababu ya mahafali ya form four ya wiki iliyopita. Ulikuja mgeni rasmi, ukavishwa shada, tukakupigia makofi, afu ukashika maiki ukasema watoto wa pwani hesabu hawaziwezi kwa sababu akili zao zipo kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku. Meza kuu ikacheka. Watoto nao wakacheka, mtoto akitaniwa na mkubwa mbele za watu afanyeje?

Sasa na mimi nasemea mbele za watu. Matokeo ya NECTA si siri, hesabu miaka nenda rudi ndo inashika mkia. Form four ya 2023 nchi nzima waliofaulu hesabu ni kama robo tu, na kufaulu kwenyewe kunaanzia D, yaani alama 30 kwa 100. Waliobaki wote F. Hao wote ni wa pwani? Vigodoro vinapigwa mpaka Bukoba na Sumbawanga? Nauliza tu mheshimiwa, mimi si mtaalamu wa takwimu, na hiyo topiki kwa mwanangu bado haijafundishwa.

Halafu tukumbushane kidogo, Mjerumani alipoanza kufungua shule za serikali nchi hii alianzia hapa hapa Tanga, miaka ya 1890. Leo ndo tumekuwa watu wa ngoma tu.

Mwanangu yupo form three. Mwalimu wao wa hesabu alipata uhamisho mwaka jana akaondoka, tukaambiwa mwingine anakuja. Tangu hapo anayeshika kipindi ni mwalimu wa jiografia, mtu mzuri wallahi, anajitahidi, lakini hesabu si somo lake na mwenyewe anasema. Ile topiki ya dunia kama tufe kidogo akafurahi maana inafanana na mambo yake ya latitudo na longitudo. Akawapa swali, Tanga ipo nyuzi 5 kusini na 39 mashariki, Tabora ipo nyuzi 5 kusini na 33 mashariki, tafuta umbali. Mwanangu kaja nalo nyumbani, daftari limeandikwa vizuri kabisa, chini kuna jibu kilometa 667 na ushee. Nikamuuliza hii cos 5 hapa katikati umeitoa wapi, kimya. Nikamwambia leta kile kitabu cha fofiga, chenye majedwali ya cos na logarithimu, unioneshe, akafungua, akageuza kurasa, akafunga. Hawajafundishwa kukisoma. Wamenakili ubaoni darasa zima, jibu lipo sahihi na hakuna anayejua limetoka wapi, na kwenye mtihani wa taifa wa hesabu kikokotozi hakiruhusiwi, kitabu chenyewe ndo hicho hicho.

Mimi nimeishia darasa la saba. Paitagorasi niliweza kumfundisha maana sisi mafundi tunaitumia kila siku, ukipima msingi unavuta kamba futi 3 huku, 4 huku, ukipata 5 ya mshazari kona yako ipo skwea. Tulivuta kamba sebuleni akaelewa palepale, akaanza kunipigia nyingine za kwake, 6 na 8 inakuja 10, 5 na 12 inakuja 13. Sasa huyo ndo hana akili? Lakini logarithimu mimi nitazitoa wapi? Matriksi je?

Kwa hiyo tunalipa twisheni, buku kila siku, na siku saiti hakuna kazi buku hilo linatoka kwenye mboga. Elimu bila ada tangu 2016, tunashukuru sana. Mchango wa mwalimu wa kujitolea nao tukachangishwa, akaja kijana mzuri anajua hesabu, miezi michache akaondoka maana wazazi wengine hawakulipa na yeye anakula nini. Nasikia shule binafsi ndo imemchukua. Wengine wanasema walimu wa hesabu wakipangiwa huku wanaripoti tu kisha wanatafuta uhamisho kwa sababu nyumba hakuna, wengine wanasema wanabakizwa shule za katikati ya mji kwa kujuana. Ukweli unao wewe ofisini kwako.

Lakini kumbuka mwaka jana kwenye mahafali hayo hayo ulisema, na video ipo kwenye grupu la wazazi, "walimu wawili wa hesabu kabla ya Januari". Januari ipi mheshimiwa? Maana moja imeshapita. Ukasema pia vijana wasome hesabu na sayansi kwa sababu bomba la mafuta linakuja na kazi zitakuwepo. Bomba linatoka Hoima Uganda, kilometa 1,443, linakuja mpaka Chongoleani hapa. Mwalimu anatoka mjini na daladala zipo, yeye kafika wapi?

Naomba walimu wawili ulioahidi. Na vitabu, maana kimoja wanakigombania benchi zima. Ikishindikana wawili lete mmoja. Mmoja naye akishindikana basi yule kijana wa kujitolea mrudisheni na halmashauri imlipe, sisi tumeishiwa. Mwalimu wa hesabu mheshimiwa, sisemi lami wala sisemi jengo la utawala, mwalimu wa hesabu.

Mwisho wa mwezi kuna kikao cha wazazi, ajenda nimeiona, mchango tena. Njoo utuambie mwalimu anaripoti lini. Na kama shida ni nyumba kweli, toeni saruji na mabati, vyumba viwili na choo nasimamisha mimi na vijana wangu, ufundi bure, sitaki hata hela ya maji ya kunywa. Nijibu hapa hapa ili na wenzangu wasome.

Mzazi wa form three,
Tanga