Wenye tovuti watufutie taarifa zetu za zamani

Mhariri,

Mwaka 2012 nikitafuta kazi, niliandika mtandaoni jina langu kamili, nambari ya kitambulisho, mtaa wetu na simu ya mama, kwa kuwa yangu ilikuwa imeharibika. Kazi nikapata kwingine, tangazo likabaki.

Mwezi uliopita mtu alimpigia mama saa tano usiku, akamtajia nambari ya kitambulisho changu tarakimu kwa tarakimu, akasema nimepata ajali na hospitali inataka pesa sasa hivi. Mama alituma. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili.

Nimewaandikia wenye tovuti mara tatu, kimya. Siwezi kufuta mwenyewe. Nywila niliisahau zamani. Lakini kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinanipa haki ya kudai zifutwe taarifa zangu ambazo hawana tena idhini ya kuzihifadhi. Namwomba Kamishna wa Data awabane waweke njia rahisi ya kufuta, hata kwa aliyepoteza nywila. Nanyi vijana mnaosaka kazi, tafuteni majina yenu mtandaoni leo hii, mfute mnachoweza.

Msomaji,
Likoni, Mombasa