Visawe vya Kiingereza havikaririwi kwa orodha

Mhariri,

Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, karatasi za visawe vya Kiingereza huzagaa steshenari na kwenye makundi ya WhatsApp. Kushoto limeandikwa "show", kulia yamepangwa maneno manane yanayodaiwa kuwa na maana hiyohiyo. Mwanafunzi huyakariri, kisha huyamwaga kwenye insha bila kuchagua. Tunaomba nafasi tueleze kasoro ya karatasi hizo na namna bora ya kuifanya kazi hiyo.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na "derive" au "significant" ndani ya kitabu cha Fizikia au Historia, na hapati wa kumfundisha: mwalimu wa Fizikia ana kanuni zake za kumaliza, wa Kiingereza yuko kwenye nyakati za vitenzi. Mwaka 2000 Averil Coxhead, wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, alitoa orodha ya maneno ya aina hii kutoka matini za vyuo vikuu zenye maneno takriban milioni 3.5. Alipata familia 570 (familia ni neno pamoja na ndugu zake, kama "derive" na "derivation"), ambazo huchukua kama asilimia 10 ya matini hizo. Orodha hiyo imegawanywa mafungu 10 kwa kufuata wingi wa matumizi, na fungu la kwanza lina familia 60. Lakini kabla ya kuanza aliweka kando familia 2,000 za maneno ya kawaida. Kwa hiyo asiyelijua "enough" bado hajafika kwenye "sufficient", na kumkaririsha ni kumpotezea muda.

Kasoro ya kwanza ya zile karatasi ni kurundika maneno mapya yanayofanana kwa siku moja. Majaribio ya watafiti wa ujifunzaji wa lugha, Thomas Tinkham mwaka 1993 na Rob Waring mwaka 1997, yalionyesha kuwa maneno mapya ya kundi moja la maana huchukua muda mrefu zaidi kushikwa kuliko maneno yasiyohusiana. Huingiliana kichwani: mwanafunzi anakumbuka sura ya neno, hakumbuki lipi ni lipi. Dawa yake ni kuoanisha neno moja jipya na moja ambalo tayari analijua vizuri. Leo "need" na "require". Kisawe kingine kipya kisubiri angalau wiki, hadi hili la kwanza litumike bila kufikiri.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: karatasi haisemi neno linakaa na nani. Mswahili hasemi kuku wake wawili wameaga dunia, ingawa "kufa" na "kuaga dunia" kamusi itayaweka pamoja. Kiingereza nacho kina mipaka yake. "Students need to read" ni sahihi. Ukiweka "require" hapo, sentensi inaharibika, kwa sababu "require" hutaka yambwa, yaani kitu kinachohitajiwa: "students require books". "Increase" linaweza kusimama peke yake, "prices increase", lakini "raise" halisimami bila kitu kinachopandishwa. "Consist" hufuatwa na "of", "comprise" halifuatwi. Na "constitute" hugeuza mwelekeo kabisa: ripoti ndiyo "consists of three chapters", ila sura tatu ndizo "constitute the report". Hapa wanafunzi wazuri pia huanguka.

Kuna na suala la uzito. "Indicate" huashiria tu, "demonstrate" huonyesha kwa ushahidi, "prove" hufunga mjadala. Aliyehoji watu 20 sokoni kisha akaandika "this proves" ametoa dai ambalo takwimu zake haziwezi kulibeba, hata kama sarufi yake haina doa.

Ushauri wetu ni maneno 6 kwa wiki, yaani fungu la kwanza la orodha ya Coxhead katika wiki 10. Kila neno lipewe nusu ukurasa wa daftari: aina yake na ndugu zake ("assess", "assessment"), neno la kawaida linalokaribiana nalo, kihusishi kinacholifuata, kama kipo, sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kitabu cha somo, si ya kubuni, kisha ileile baada ya kuweka kisawe, na maelezo ya kilichobadilika. Mstari huo wa mwisho ndio unaofundisha, na ndio wengi huuruka. Marudio yafanyike siku inayofuata, siku ya tatu, ya saba na ya 21, kwa kuficha neno na kulitafuta kutoka kwenye sentensi. Kusoma tena kwa macho hakuhesabiki kuwa marudio. Na kwa kuwa "assess" na "access" hukaribiana masikioni, yatamkwe kwa sauti kabla ya kuandikwa.

Onyo moja kwa wanaotafuta madaraja ya sayansi: istilahi haina kisawe. Katika Fizikia "speed" na "velocity" ni vitu viwili, vivyo hivyo "mass" na "weight", "heat" na "temperature". Ule ushauri wa darasa la insha kwamba usirudie neno ukiupeleka kwenye jibu la Fizikia, unapoteza alama. Huko rudia neno lilelile hata mara kumi.

Mhariri, kurasa za elimu magazetini nazo huchapisha visawe mara kwa mara, vikiwa vitupu. Tunaomba nafasi hiyohiyo ipewe maneno mawili tu badala ya ishirini, kila moja na sentensi mbili: moja linapokubali, nyingine linapokataa.

Walimu wa Kiingereza,
Morogoro