Chavua na mafua yasiyokwisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kuhusu mafua ya mzio, ambayo wengi huyatibu kwa antibiotiki kila msimu wa chavua, yaani unga wa uzazi wa mimea, ilhali hayatokani na vimelea. Kinga ya mwili huidhania chavua kuwa adui, ikamwaga histamini, kemikali ya mwili iletayo mwasho, ndipo pua na macho huwasha na chafya kufuatana bila homa. Maua ya kupendeza, maskini, husingiziwa bure: chavua yake nzito hubebwa na wadudu, na wasumbufu hasa ni nyasi na miti inayotegemea upepo. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani huchukua siku kadhaa kufanya kazi vizuri, hivyo anayeujua msimu wake amwone daktari kabla chafya hazijaanza.

Msomaji wako