Mgonjwa wa ICU akiharisha, msikimbilie kulaumu uji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo ambalo wengi wanaliona la aibu: choo cha mgonjwa aliyelazwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi.

Mtu analetwa na ajali ya bodaboda, kiharusi au nimonia. Tumbo lake halina shida yoyote. Siku tatu nne zikipita anaanza kuharisha, na ndugu wakiuliza wanajibiwa palepale: ni uji wenu huo. Shemeji yangu alilazwa hivi karibuni katika hospitali moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na sisi tukajibiwa hivyohivyo. Uji ukasimamishwa. Kuharisha hakukukoma, ila sasa mgonjwa akawa anaharisha huku ana njaa.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na sitetei kila uji. Uji uliopikwa Uyole alfajiri, ukapanda daladala kwenye chupa ya chai, ukasubiri getini hadi muda wa kuona wagonjwa, kisha nusu ukapitishwa kwenye mrija wa puani na nusu ukawekwa kabatini wa jioni, huo ni hatari kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida: ama kibaki cha moto kupita nyuzi 60, ama kiwe kwenye friji chini ya nyuzi 5. Lakini hospitali inayolijua hilo, na haina jiko la lishe ya mrija wala friji ya kutunzia chakula cha wagonjwa, inamlaumu nani?

Tena mara nyingi chanzo kimo kwenye karatasi ya dawa. Antibayotiki haichagui, inaua bakteria wa ugonjwa pamoja na wale wema wanaolinda utumbo. Hao wakiisha, anapata nafasi bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye tangu 1978 anajulikana kwamba hutoa sumu inayoharibu utumbo mpana. Seftriaksoni, sindano ambayo siku hizi karibu kila anayelazwa anachomwa, ni miongoni mwa dawa zinazomfungulia mlango. Halafu kuna dawa za maji zilizotiwa utamu wa sorbitoli, ambao huvuta maji ndani ya utumbo. Kuna hata ile dawa ya kulainisha choo iliyoandikwa wakati mgonjwa hapati choo, ikasahaulika kwenye karatasi, na kila zamu inaendelea kumpa. Msicheke, hutokea sana.

Kisha mikono. Kitakasa mikono kinafaa kwa vijidudu vingi na sisemi kiondolewe. Ila huyo Clostridioides difficile hujifunika ganda gumu ambalo spiriti ya kitakasa haipenyi. Dawa yake ni sabuni na maji yanayotiririka, si kwa sababu sabuni inamuua, bali kwa sababu unamsugua akaenda na maji. Kwenye vyuma vya kitanda anaweza kukaa miezi, na hapo anataka klorini, si kupigwa deki kwa sabuni ya unga.

Niliyoyaona kando ya kitanda cha shemeji ni haya: muuguzi anambadilisha pampasi akiwa na glavu, na kwa glavu zilezile anabonyeza mashine ya dripu, anavuta pazia, anafungua mrija wa lishe. Akavua, akajipaka kitakasa, akaenda kitanda cha pili. Simlaumu binti yule. Walikuwa wawili kwa chumba kizima, na sinki la karibu liko nje kwenye korido, lenye maji ya Julai ya Mbeya yanayouma vidole kama barafu. Nani ataliendea kila akimgusa mgonjwa? Shemeji alipotoka ICU alikuwa na kidonda cha kulalia, kwa sababu ngozi inayoshinda kwenye choo cha maji haichukui muda kuchubuka.

Kila Mei 5, siku ya usafi wa mikono, mabango hayakosekani. Mwaka ujao naomba fedha za mabango zinunue sinki, liwekwe ndani ya ICU, lenye bomba la kufungulia kwa kiwiko na sabuni isiyokatika. Daktari wa raundi akikuta mgonjwa anaharisha, aanze kupekua dawa moja moja kabla hajagusa lishe, maana kuhara peke yake si sababu ya kumnyima mtu chakula. Choo kipelekwe maabara kwanza. Dawa ya kufunga tumbo ikitangulia, na kumbe kuna sumu ya bakteria yule, sumu hiyo inafungiwa ndani. Na maji na chumvi anazopoteza zirudishwe mapema, hasa potasiamu, kwa kuwa ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika.

Nanyi ndugu wa wagonjwa, muulizeni daktari kwa adabu: hii antibayotiki bado anaihitaji, na itakoma lini? Ni haki yenu kuuliza. Akijibu kwamba ni uji, mwombeni awaonyeshe karatasi ya dawa.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya