Msiwasahau wanaoishi na mtu-mbwamwitu

Mhariri,

Uhakiki wenu wa filamu ya Wolf Man ya Leigh Whannell, ile ya 2025, niliusoma mara mbili nikidhani kuna aya imenipita. Mhakiki amepima damu, mekapu, giza na jinsi meno yanavyochomoza, kisha akatoa alama zake. Charlotte, mke wa Blake, yule mtu anayegeuka mbwa mwitu, amepata mstari mmoja. Binti yao hakutajwa kabisa.

Lakini filamu hiyo, pamoja na udhaifu wake, inawahusu wao. Usiku mmoja tu, katika nyumba ya msituni huko Oregon, mama na mtoto wanamwangalia Blake akipoteza maneno kabla hajapoteza sura. Kuna wakati kamera inaingia upande wake: mkewe anazungumza naye, na yeye anasikia sauti isiyo na maana, ilhali hatua za buibui ukutani anazisikia kama ngoma. Mwishoni ni yule binti anayemwelewa baba yake. Anamwambia mama kwamba baba anataka yaishe, na mama anafyatua bunduki. Sielewi mtu anavyoweza kuiandika filamu hiyo akamwacha mtoto nje.

Hata hivyo simlaumu mhakiki wenu peke yake. Filamu zenyewe, kwa zaidi ya miaka 80, zimewapa jamaa wa mtu-mbwamwitu kazi mbili: ama wawe asili ya laana, ama wawe mkono wa kumuua. Kazi ya tatu ndiyo ndefu kuliko hizo, nayo inarukwa. Ni kazi ya kuishi naye, kumlisha, kumfungia mlango usiku na kumfungulia asubuhi, na kutafuta la kuwaambia majirani.

Chukueni The Wolf Man ya 1941, iliyoongozwa na George Waggner kwa muswada wa Curt Siodmak, ambayo nyingi zilizofuata zimechota kwake. Larry Talbot anarudi kwa baba yake huko Wales baada ya miaka 18 Marekani, kwa sababu kaka yake amefariki na jumba linahitaji mrithi. Anang'atwa na mbwa mwitu, anaanza kugeuka, anamweleza baba yake. Sir John, aliyeigizwa na Claude Rains, ni msomi na mtu mpole, na bado hasikii. Anamfunga mwanawe kwenye kiti ili ajionee kwamba yote ni mawazo, halafu anatoka kwenda kumsaka mnyama pamoja na wanakijiji. Usiku uleule anamkuta mnyama amemkaba msichana, anampiga kwa fimbo yenye kichwa cha fedha, madini ambayo katika hadithi hizi humuua mtu-mbwamwitu, hadi anakufa, na manyoya yanapopotea usoni anaona aliyemuua ni nani. Ofisa anafika, anasema Larry alikufa akijaribu kumwokoa yule binti, na anampa pole. Sir John amesimama tu. Filamu inaishia hapo.

Huyo ni mzazi aliyezika wana wawili, mmoja kwa mkono wake mwenyewe, na hawezi hata kulia ukweli kwa kuwa uongo umeshatangazwa. Studio ya Universal iliona hadithi iliyobaki ni ya Larry, ikamfufua katika filamu zilizofuata, maana ndiye aliyeuza tiketi. Majonzi ya baba hayakupewa nafasi.

Ndani ya filamu hiyohiyo yumo mzazi mwingine, naye ndiye ninayemkumbuka zaidi. Ni Maleva, bibi wa Waroma, jamii ya kuhamahama ya Ulaya, aliyeigizwa na Maria Ouspenskaya. Mwanawe Bela ndiye aliyemng'ata Larry, na Larry ndiye aliyemuua Bela. Maleva alijua siku zote mtoto wake ni nani. Alizunguka naye kwenye gari la farasi mji kwa mji, akampenda, na alipokufa akasimama juu ya jeneza akamwambia kwamba njia aliyopita ilikuwa ya miiba bila kosa lake. Baadaye anayarudia maneno hayo juu ya Larry, aliyemuua mwanawe! Katika filamu ya 1943 anamchukua Larry kama mtoto wake na kusafiri naye kumtafutia tiba. Ningeitazama kwa moyo wote filamu inayomhusu yeye tu, miaka yake yote pamoja na Bela kabla hatujawakuta, lakini alibaki kuwa bibi wa kutoa maelezo.

Mwaka 1961 kampuni ya filamu ya Hammer ya Uingereza ilikaribia kuionyesha ile kazi ya tatu. Katika The Curse of the Werewolf, Leon analelewa Hispania na Don Alfredo na mtumishi wake Teresa, ambao hawakumzaa. Wanaweka nondo kwenye dirisha la chumba chake. Padri anawaambia kwamba upendo ndio utakaomtuliza mtoto, na kwa muda unamtuliza kweli. Dakika zile za malezi zina thamani kuliko vitisho vyote vya nusu ya pili. Kisha Leon anakuwa mtu mzima, akiigizwa na Oliver Reed, filamu inakimbilia kuua, na anayempiga risasi ya fedha ni huyohuyo Don Alfredo. Katika Teen Wolf ya 1985, ambayo ni ya kuchekesha, kuna sekunde chache nzuri: kijana amejifungia bafuni kwa aibu, baba anagonga, mlango unafunguka, na baba naye ana manyoya vilevile. Alijua na alinyamaza, akitumaini mwanawe ataponyoka. Wazazi wenye maradhi ya kurithi wanaielewa sekunde hiyo.

Naomba nisiambiwe kwamba haya ni mambo ya kubuni tu. Mwaka 1589, Bedburg karibu na Cologne, Peter Stumpp alihukumiwa kwa kosa la kugeuka mbwa mwitu, na binti yake aliuawa pamoja naye. Mwaka 1603 mahakama ya Bordeaux ilipomhukumu Jean Grenier, mvulana wa miaka 13 au 14, iliona ni mgonjwa wa akili na kumpeleka kwenye nyumba ya watawa badala ya kumchoma. Miaka 14 tu inatenganisha hukumu hizo mbili. Na kwetu Tanzania vikongwe wameuawa Usukumani kwa sababu macho yao mekundu, ambayo moshi wa jikoni unatosha kuyaeleza, yalichukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Mtu akishaitwa mnyama, watu wa nyumbani kwake huitwa pia.

Kaka yangu ana kifafa. Mtaani kwetu watu walikuwa wakihesabu mwezi kwa niaba yetu. Mwezi ukiandama walikataza watoto wao kuja, na wapo waliomwuliza mama kwa nini hamfungii ndani. Mama hakumfungia. Alilala mlangoni pa chumba chake mpaka kaka alipoanza kupata dawa za kila siku. Ndiyo maana nikiona kwenye filamu mbalamwezi, ile inayomgeuza mtu-mbwamwitu, inatokea mawinguni na kamera inamfuata anayekimbia porini, mimi nataka ibaki nyumbani kidogo na yule aliyeachwa na mlango wazi.

Filamu zilizobaki nyumbani zipo, Mhariri, na mngewatendea wema wasomaji mkiziandika. Ginger Snaps ya Kanada (2000) ina mama anayegundua binti zake wameua, na palepale anapanga kuijaza nyumba gesi, kuwasha kiberiti na kuondoka nao kwenda kuanza upya. Watazamaji humcheka mama huyo. Mimi naona ndiye mtu mzima pekee mle ndani aliyechagua upande. When Animals Dream ya Denmark (2014) inamwonyesha mama mwenye laana hiyo, aliyepozwa kwa dawa kwenye kiti cha magurudumu, na baba anayeamini kwamba kumlemaza mke ndiko kumlinda. Hiyo ni ngumu kuitazama.

Bora kuliko zote, kwangu, ni As Boas Maneiras ya Brazili (2017), ya Juliana Rojas na Marco Dutra, iliyopata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Locarno, Uswisi. Clara, mwanamke mweusi kutoka pembezoni mwa São Paulo, anaajiriwa na Ana, tajiri mjamzito anayeishi peke yake ghorofani. Wanapendana. Ana anakufa usiku wa kujifungua, mtoto akitoka kwa kuupasua mwili wake, na Clara anakichukua kile kichanga kisicho chake na kurudi nacho mtaani kwake. Filamu nyingine ingeishia hapo. Hii inaruka miaka 7 na kuanza upya: Clara anamnyoa Joel, anamnyima nyama, anamfundisha adabu, na mwezi ukikamilika anampeleka kwenye chumba kidogo na kumfunga minyororo, huku mtoto mwenyewe akijua utaratibu kama anavyojua kupiga mswaki. Isabél Zuaa anamwigiza Clara bila kumfanya malaika. Minyororo ni upendo, na pia ni ukatili, na inafika siku mtoto anaikataa. Mtaa mzima unapokuja mlangoni na hasira, hatumwoni mzazi akishika risasi ya fedha. Tunawaona wawili wameshikana mikono wakiukabili mlango.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wahakiki wenu: mnapoandika filamu ya namna hii, tuambieni imewafanya nini mama, mke na watoto, kama mnavyotuambia habari za mekapu. La pili ni kwa wale wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili, ambao sauti zao zinasikika kila kibanda umiza nchini na ambao wengi wetu tumekulia kwenye kazi yao. Steringi akipigana, mnatupa kila neno. Mama akianza kusema na mwanawe kupitia mlango uliofungwa, mara nyingi mnajaza nafasi kwa utani au mnanyamaza mpaka vurugu zirudi. Tutafsirieni na hayo maneno. As Boas Maneiras ni ya Kireno na sijaiona popote ikiwa kwa Kiswahili. Mkiifanya, msiikate ile sehemu Clara anapomwimbia mtoto.

Msomaji wenu,
Tanga