Mwanangu, kabla hujafunga sanduku la kwenda Sheikh

Mwanangu,

Salaam aleikum. Mamako ameniambia umepata ile kazi ya miezi sita kule mji wa Sheikh, Somaliland, tena ameniambia kwa ile sauti yake ya kufungia mlango, nikaelewa kuwa jibu lishatoka, ni hapana, mie natakiwa nilitie sahihi tu. Sitii. Nimekaa na hii simu tangu nitoke isha, naandika kwa kidole kimoja na macho yangu unayajua, ukikuta maneno yameungana soma hivyo hivyo.

Kwanza hilo linalomtisha nilimalize. Ni kweli, Oktoba 2003 walimu wawili Waingereza, mtu na mkewe, Richard na Enid Eyeington, walipigwa risasi pale pale kwenye shule ya sekondari ya Sheikh. Mie nilifika 2006 na watu wakilitaja jambo lile walikuwa bado wanashusha sauti. Ndio maana mgeni hasafiri barabara kuu bila askari, wale polisi wa kulinda wageni wanaowaita SPU, na wewe utapewa wako, usijifanye shujaa ukamkataa, mnunulie chai twende. Basi. Lakini mamako Sheikh anaijua kwa jambo hilo moja, na mie nilikaa miaka minne.

Utapandia Berbera, mji wa bandari. Joto la Berbera mwezi wa saba usilifananishe na letu la Mombasa, kule ni digrii 40 na zaidi na upepo wa mchanga juu yake, mwenye uwezo anakimbilia milimani mpaka msimu upite. Gari inakata tambarare muda mrefu hujui hata unaenda wapi, halafu mlima unakusimamia mbele kama ukuta, ndio Golis hiyo, barabara inaanza kujikunja kona juu ya kona, nyani wenye manyoya ya kijivu mabegani wamekaa ukingoni wanakutazama kama makarani wa forodha, na ghafla baridi inaingia dirishani. Uko juu, mita 1,400 na kitu. Mie mtoto wa Mji wa Kale usiku wa kwanza nililala na soksi na suruali mbili na taulo kichwani, asubuhi mama wa chai pale karibu na geti akaniona nilivyojifunga, alinicheka wiki nzima wallahi.

Mji wenyewe mdogo, barabara moja, huku Berbera kule Burao, katikati maduka na misikiti na mikahawa ya madereva wa malori. Chai yao ina viungo kama yetu ila sukari usiseme. Asubuhi utakula laxoox, ule mkate wenye matundu upande mmoja, wanamwagia samli na sukari, utanenepa. Ile shule ya sekondari ni ya tangu wakati wa mkoloni, wakubwa wengi wamepitia hapo, Silanyo aliyekuwa rais wa Somaliland ni mmoja wao. Na ukipata siku ya mapumziko omba upelekwe Fardowsa, magofu hayo hayako mbali na mji, mji wa zamani wa watu wa misafara, utaona misingi ya nyumba za mawe na vigae vya vyungu vilivyotoka Uchina huko. Ulipokuwa mdogo nilikupeleka magofu ya Gede ukalia unataka soda, labda hapa utatulia.

Lugha usiogope. Kuna waliokuwa wakimbizi Kenya wakarudi, Kiswahili chao cha Eastleigh kitakuchekesha. Msomali wa Kenya huko wanamwita "Sijui", kwa sababu ati akiulizwa kitu jibu lake sijui, na mie ingawa si Msomali nikabatizwa hivyo hivyo, mwenye duka alikuwa akiniona mbali anapiga ukelele Sijui! Sijui! na nikienda kununua hata kiberiti nabeba fuko la pesa, maana noti kubwa ilikuwa ya 500 na dola moja ilikuwa kama shilingi zao 6,000. Sasa wanalipa kwa simu, Zaad, ilikuja 2009, umepona.

Sasa lile ninalotaka ulijue, haya mengine yote ni soga.

Wewe umesoma homa ya Bonde la Ufa darasani. Mvua za El Niño, mwisho wa 1997, mafuriko, mbu, mifugo inatupa mimba, watu wanakufa, Garissa na upande wa pili wa mpaka. Februari 1998 Saudia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika yote. Ikafungua kidogo 1999, ikafunga tena Septemba 2000, na safari hiyo ilikuwa miaka tisa. Fikiria watu ambao hawana kiwanda hawana mashamba ya maana, wana kondoo weupe wenye kichwa cheusi na mnunuzi mmoja mkubwa, wakati wa Hija, basi huyo mnunuzi anakwambia sitaki. Nimefika mie katikati ya hiyo shida, na kazi yangu kwenye chuo cha mifugo ilikuwa kwenda na wanafunzi kwa wafugaji kutoa kondoo damu tukapime.

Siku moja tumefika kwa bibi mmoja nje ya mji, kondoo wake hawafiki thelathini. Akauliza huyu mweusi ametoka wapi, wakamwambia Kenya. Akanyamaza. Akauliza tena, Kenya ya Garissa, kule ulikoanzia ugonjwa? Mwanafunzi alitafsiri huku anaona haya. Mie sikuwa na la kusema, nilishika sindano yangu tu, nikajua leo tunafukuzwa. Bibi akaingia ndani akatoka na maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha bati, akanipa, akasubiri ninywe, kisha akauliza, na wale watu wa Garissa, mbuzi wao walirudi? Mvua wamepata?

Sikujua. Natoka Kenya na sikujua. Usiku nilipanda kilimani kutafuta mtandao nikampigia rafiki yangu wa Garissa nimuulize habari za mvua, akadhani nimerukwa na akili.

Novemba 2009, kabla ya Hija, mlango ukafunguliwa. Malori yalishuka kutoka Burao usiku kucha, yamejaa, vichwa vyeusi vinachungulia kwenye mbao, madereva wanapiga honi kila kona na hakuna aliyelala wala aliyelalamika. Burao nenda ukaone mnada, madalali wanapatana bei mikono imefunikwa kitambaa, vidole tu vinasema, na neno lao ni dilaal, dalali huyo huyo wetu.

Najua ulipong'oka jino la kwanza mie nilikuwa kule. Uliniambia juzi, na sikukujibu kwa sababu ulikuwa na haki.

Mamako nitaongea naye mie. Wewe beba blanketi zito, na majani ya chai ya Kericho pakiti nne, za yule mama wa geti kama bado yupo. Usishangae wamama wakikuita hooyo, maana yake mama, kule mzazi humwita mtoto kwa jina lake yeye mzazi. Na ukienda kwa wafugaji, kabla hujatoa sindano, kwanza uwe umeshapiga simu Garissa ukauliza mvua.

Babako